Mkoba wa mwandishi asiye na ofisi

Ukimwaga mkoba wangu mezani utadhani ni wa karani wa ushirika aliyetoroka na mali ya ofisi. Kaunta buku mbili, moja imevimba kwa karatasi. Kalamu nne za bei ya chini. Pawabenki iliyochubuka pembe. Flashi mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira. Kitabu cha ankara. Na kamusi iliyovikwa gazeti kama daftari la mtoto wa darasa la tatu. Karibu kila kimoja nilikinunua baada ya kupata hasara. Busara ilichelewa kila mara. Na hasara hizo, kwa namna ya ajabu, nyingi zilitokana na makala moja tu, ile ya wauza pweza.

Vijana wanaoanza kazi hii ya uandishi wa kujitegemea huniuliza watumie programu gani. Wamekwisha kusoma orodha za vifaa kumi, ishirini, hamsini. Orodha hizo zimeandikwa kwa ajili ya mtu wa Toronto anayeandika Kiingereza, ambaye umeme haumkatikii na mteja wake humlipa kwa kadi. Ukizifuata zote, simu itajaa programu na makala hutaandika. Mimi naandika Kiswahili, naishi Dar es Salaam, nalipwa kwa stori, na bando langu lina tabia ya kuisha katikati ya sentensi. Basi nitasema ya kwangu.

Wauza pweza wa usiku mnawajua: meza ndogo, taa, sinia, bakuli la pilipili na ndimu, na sufuria ya supu ambayo wanaume huinywa wakiwa wamejificha kidogo. Nilitaka kuandika jinsi pweza anavyotoka Soko la Feri alfajiri mpaka kufika kwenye kijiti cha mlaji wa Magomeni. Nikamrekodi muuzaji mmoja kwa simu karibu saa nzima. Alipofika kwenye jambo nililolifuata, jinsi wanavyopatana bei pale mnadani, shemeji yangu akapiga kuuliza habari za mchango wa harusi. Kinasa sauti cha simu ile kikasimama, wala hakikuendelea tena. Nami nilikuwa nimekaa nikitabasamu, sijaandika neno, nikijua mashine inanifanyia kazi.

Tangu siku hiyo, kabla ya mahojiano naiweka simu katika hali ya ndege, nazima feni ikiwa mwenyeji hajali joto, na naandika kwenye kaunta buku vilevile. Siandiki kila kitu. Naandika dakika na neno moja: "14, bei." "31, mkewe." "40, uongo?" Kusikiliza na kuandika upya sauti ya saa moja hunichukua saa nne, na alama hizo hunipunguzia mbili. Zipo programu zinazogeuza sauti kuwa maandishi, na nyingine zinajua Kiswahili. Zinajua Kiswahili cha taarifa ya habari. Mlete mtu wa Magomeni anayemeza silabi huku bodaboda zikipita, programu itakuandikia "kuweza" kila aliposema "pweza". Nazitumia kutafuta mahali jambo liliposemwa. Kunukuu ni mpaka nisikie kwa masikio yangu.

Nilirudi kwa muuzaji, nikaongea naye tena, nikaandika maneno 3,000. Kompyuta yangu ilikuwa mgonjwa, kwa hiyo nikaiweka kazi kwenye flashi nikaenda kuichapa steshenari ya jirani. Dada wa pale akaichomeka kwenye mashine iliyokwisha kupokea flashi za nusu ya mtaa. Akatazama kioo, akanitazama.

"Kaka, humu mna shotikati tupu."

Nilirudi nyumbani nikaifuta flashi nzima kwa hasira. Miezi kadhaa baadaye fundi mmoja akanieleza, huku anakula muwa, kwamba kirusi kile hakifuti mafaili. Huyaficha tu na kuweka njia za mkato juu yake. Angeyarudisha kwa dakika tano. Makala niliiua mimi mwenyewe.

Sasa kila rasimu yangu inakaa mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi ambayo haiingii steshenari, na kwenye hifadhi ya Google, inayompa kila mwenye akaunti gigabaiti 15 bila malipo. Maneno ni mepesi mno. Makala za maisha yako yote hazijazi hata kona ya nafasi hiyo. Kinachojaza ni picha na sauti, nazo nazipandisha kwa bando la usiku. Asiyetaka mambo mengi ajitumie rasimu kwa barua pepe kila jioni. Flashi ya pili ni ya kupelekwa hadharani, haina kitu humo ila kazi ya siku hiyo.

Kamusi ni habari ndefu, nivumilieni.

Ninazo tatu, ingawa mkobani hukaa moja. Kuna Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza 1981, ikatolewa upya 2004 na tena 2013, kazi ya wale tuliozoea kuwaita TUKI, ambao siku hizi ni TATAKI pale Mlimani. Kuna Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, ya 2015. Na kuna ya Frederick Johnson ya 1939, ya Kiswahili kwa Kiingereza, ambayo wenzangu huicheka. Wasichojua ni kwamba mambo ya majahazi, mashamba ya minazi na vyombo vya jikoni vya bibi zetu yamo humo kwa wingi, na mwandishi anayemhoji mzee wa Bagamoyo atakutana na maneno ambayo watunga kamusi wa karibuni hawakuona haja ya kuyapa nafasi kubwa. Kamusi mbili zinapotofautiana juu ya neno moja, najua neno hilo si la kutupiwa tu ndani ya sentensi. Natafuta mtu wa kumuuliza.

Lakini orodha iliyonifaa kuliko kamusi zote niliianzisha mwenyewe, nyuma ya kaunta buku, baada ya kuandika kwa mara ya kwanza kwa ajili ya wasomaji wa Kenya. Mhariri alinipigia simu, mpole kabisa. "Bwana, hapa umeandika jimbo. Huku kwetu ukisema jimbo, wazee wanakumbuka siasa za majimbo za 1963. Mbunge ana eneobunge." Nikasema sawa. "Na hii kata? Kata ni ya chifu. Unayoisema wewe ni wadi." Nikasema sawa tena, sauti imepungua. Yeye ana shule ya upili, mimi nina sekondari. Yeye ana tarakilishi, mimi kompyuta. Matatu yake ni daladala yangu. Sasa nina safu mbili za maneno, Tanzania na Kenya, zimefika kurasa sita, na kila nikiandikia upande wa pili nazipitia kama mtu anayekagua mifuko kabla ya kuvuka mpaka wa Namanga. Sijaona duka linalouza orodha hiyo.

Kuhusu kompyuta kusahihisha tahajia ya Kiswahili, matumaini yapo tangu zamani. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na waandishi tukadhani shida imekwisha. Tatizo halimo kwenye menyu. Limo kwenye kitenzi chetu, ambacho hubeba nafsi, njeo, mtendwa na kauli ndani ya neno moja, kiasi kwamba shina moja huzaa maumbo ya maelfu. Mashine inayotegemea orodha ya maneno itachoka kabla ya kuyamaliza. Niliwahi kuandika "hawakunilipa" na mstari mwekundu ukatokea chini yake, kana kwamba hata kompyuta haiamini. Simu ni mbaya zaidi: isipobadilishwa kibodi, "sana" inakuwa Santa. Kibodi ya Google inayo Kiswahili. Iwashe, utaacha kumtumia mhariri salamu za Krismasi mwezi wa Juni.

Na sasa kuna hizi programu za akili mnemba, au akili unde kama wasemavyo wengine. Sizisusi. Huniandikia barua ya Kiingereza kwa mteja wa nje bila kunichosha, na nikiipa mojawapo rasimu na kuiambia iniulize maswali kumi ambayo msomaji angeuliza, matatu huwa ya maana. Ila Kiswahili chake ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kila jambo "lina nafasi muhimu", na kila hoja inafikia "mwisho wa siku" hata kama bado ni asubuhi. Siku moja niliiomba methali ya wavuvi. Ikanipa nzuri, yenye vina. Nikawauliza wavuvi watatu wa Kunduchi, wote wakanicheka. Takwimu zake nazo hutoka kulekule ilikotoka methali.

Kwa takwimu nakwenda kwenye chanzo. Katika rasimu ya pweza niliandika kwamba Watanzania ni milioni 45, nikiinakili kutoka makala nyingine, nayo ilinakili kutoka nyingine. Hiyo ilikuwa hesabu ya sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilitukuta 61,741,120, na Dar es Salaam peke yake 5,383,728. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inaziweka ripoti hizo kwenye tovuti yake, yeyote anapakua. Mwandishi anayewapoteza watu zaidi ya milioni 16 kwa uvivu wa kufungua faili hana haki ya kulalamika akipuuzwa.

Chanzo kingine ambacho wenzangu wengi hawakigusi ni TanzLII, zinakowekwa hukumu na sheria zetu, bure. Ukisikia kwamba mahakama imeamua hivi na hivi juu ya ardhi ya kijiji fulani, usimtegemee wakili wa upande mmoja akusimulie, soma hukumu. Majaji wengine wanasimulia kisa vizuri kuliko sisi. Na kwa kinachofichwa kwenye makabati ya ofisi za umma Tanzania Bara kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia anaomba kwa maandishi, ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Kwa gazeti la kesho siku 30 ni karne. Kwa mwandishi wa kujitegemea anayepika makala miezi miwili, ni muda wa kawaida kabisa. Tuma ombi, endelea na mengine, na ubaki na nakala yenye mhuri wa mapokezi.

Umeme ukikatika nyumbani nahamia Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Wengi huipita kwa daladala wakidhani ni ya wanafunzi wa mitihani. Mna meza, ukimya, na vitabu vya Tanzania ambavyo maduka yameacha kuviuza zamani. Taasisi hiyohiyo ndiyo inayotoa namba za ISBN kwa atakayeamua kuchapisha kitabu mwenyewe. Ukiona namba ya kitabu ina 9976 au 9987 baada ya 978, kimesajiliwa kwetu. Tena pale maktaba hakuna mtu wa kukuuliza utaagiza nini kingine zaidi ya chai.

Turudi kwenye pweza, kwa sababu hatujafika kwenye fedha.

Niliiandika makala upya kutoka kwenye kaunta buku na kumbukumbu. Mhariri wa gazeti moja aliisoma, akaipenda, akanipigia. Tukapatana shilingi 200,000 kwa mdomo. "Tutakulipa ikitoka," akasema.

Ningekuwa na uwezo ningelipiga marufuku neno hilo, ikitoka. Linasikika kama ahadi, kumbe ni sharti. Makala inaweza kukaa mezani miezi mitano ikisubiri nafasi, tangazo likaila, uchaguzi ukaisukuma, nawe umekwisha kutumia nauli, bando na siku zako. Ya kwangu ilikaa minne. Ikatoka, ukurasa mzima, picha nzuri. Nilipokwenda kudai nikakuta mhariri amehamia kwingine, na aliyekuja hana taarifa. Hakunifukuza. Aliniomba nimwonyeshe makubaliano, nami sikuwa na hata mstari mmoja.

Kwa hiyo kifaa ninachokiheshimu kuliko vyote si cha kununua. Ni ujumbe wa WhatsApp au barua pepe ninaoutuma dakika tano baada ya simu ya mhariri, kabla sijasahau na kabla yeye hajasahau: "Asante mhariri kwa mazungumzo ya leo. Nilivyoelewa: maneno 1,500, picha nne, naleta Ijumaa. Malipo ni shilingi 200,000 ndani ya siku 30 tangu mtakapoipokea kazi. Kama nimekosea naomba unisahihishe." Hauna ugomvi wala lugha ya wakili. Mhariri mwema hujibu "sawa", na "sawa" yake inatosha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaukubali ujumbe wa namna hiyo kama ushahidi. Mhariri asiyejibu naye amekujibu. Angalia maneno "tangu mtakapoipokea". Hayo yamenilipia kodi ya nyumba.

Kazi ikipokelewa, peleka ankara siku hiyohiyo: namba yake, tarehe, jina la makala, kiasi, namba yako ya mlipakodi (TIN) na akaunti. Waandishi tunaona aibu kudai, tunataka mhasibu atukumbuke kwa mapenzi. Mhasibu hana habari na sanaa yako. Ana faili, na asiye na karatasi ndani ya faili hayupo. Mara ya kwanza nilipopewa 190,000 badala ya 200,000 nilipandisha sauti nikidhani nimeibiwa. Ilikuwa kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma, na mhasibu yule alinieleza kwa utulivu ulioniumiza zaidi. Nilichopaswa kudai ni cheti cha zuio, kwa sababu fedha ile inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Vyeti vyangu ndivyo vilivyoivimbisha kaunta buku ya kwanza.

Uliza pia unauza nini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na ulinzi huo hauhitaji usajili, ingawa kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, husaidia siku ya ubishi. Ila haki inaweza kuondoka kwa saini moja. Ukiona karatasi inasema kazi "na haki zake zote", simama hapo, uliza kama wanataka kuichapisha mara moja au kuimiliki. Bei za mambo hayo mawili hazifanani. Na anayeandika habari, si makala za pembeni tu, akumbuke ithibati inayotakiwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Kutoajiriwa hakumwondolei mtu sharti hilo.

Tuzo zipo, na ni vizuri kujua tarehe zake. Ile iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, sasa Safal-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na hutolewa Aprili 13. Shiriki. Usipange ada ya shule ya mtoto juu yake.

Wengine huniuliza kama waache kazi ili waandike. Nawakumbusha kwamba Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa forodha tangu 1926 hadi 1944, akahamishwa huku na huko pwani na bara, kisha akahudumu katika idara nyingine za serikali. Mshahara ulimnunulia karatasi. Sijui kifaa gani kingine kimeifanyia fasihi yetu kazi kubwa kama ule mshahara wa karani.

Kaunta buku ya pili ni ya madeni. Kila makala ina mstari wake: nani, lini, kiasi gani, na nafasi ya tiki. Kijana aliyenitembelea juzi, mwanafunzi wa uandishi, aliifungua akitafuta ushauri, akashuka na kidole ukurasa kwa ukurasa, tiki, tiki, tiki. Akasimama kwenye mstari mmoja karibu na mwanzo.

"Kaka, huu hauna."

Usiku ule nikapita Magomeni. Yule muuzaji bado yupo, meza imekuwa kubwa, na gazeti lenye picha yake amelitia kwenye fremu ya kioo nyuma ya sufuria, limegeuka njano kwa mvuke.

"Mwandishi, wale jamaa walikulipa?"

Nikatikisa kichwa. Akacheka, akachukua kisu, akanikatia mnyiri mzima na kuumiminia pilipili.

"Chukua basi. Wa leo hauna hesabu."

Nikala nimesimama, chini ya picha.